Vizibo Ishirini na Vinne

Nilitoka Kibuye nikafika Kibuye.
Usicheke. Kule ni mji mdogo kando ya Kivu,
huku ni soko la Kisumu, mbao, mitumba, kuku,
na mtu wa kwanza kuniuliza kwetu ni wapi
alidhani namtania.

Mwezi ule nilihesabu kila kitu.
Shilingi. Hatua za kutoka Manyatta.
Maneno: nilikuwa na *bei gani*, na *punguza*,
na *oyawore* moja tu, niliyoisambaza
asubuhi hadi usiku kama shuka fupi,
mpaka Mama Awuor wa omena akanihurumia
akanipa na ya jioni.

Anayepakana na viatu vyangu ni Abuto, fundi wa baiskeli.
Saa nane, jua likikaa juu ya mabati
kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima,
yeye huutoa ubao: mlango wa kabati,
tundu la kitasa bado lipo,
miraba kaichora kwa mkaa na subira.
Vizibo vya soda. Kumi na viwili chali,
kumi na viwili kifudifudi.

Wiki tatu nilitazama kwa nyuma
nikisugua kiatu kilekile cha kushoto.

Siku Shikuku alipokwenda Butere kuzika,
Abuto alifuta kigoda kwa kitambaa cha grisi.
"Wewe wa Kibuye ile nyingine. Kaa."

Nikacheza alivyonifunza kaka yangu Gahigi,
polepole, kama mtu anayejenga ua.
Kizibo chake kikaja mpaka mdomoni mwangu.
Nikakinusa mtego. Nikakiacha.
Abuto hakusema kitu. Alikiinua changu,
akakipuliza, *phuu*,
akakitia mfukoni mwa ovaroli.

"Hapa ukipewa, unakula."
"Na kama sina njaa?"
"Unakula."

Nikaikumbuka Jumapili ya kwanza kwa Mama Awuor,
nilivyosema asante, mama, nimeshiba,
na uso wake ulivyojifunga
kama kibanda kilichosikia kanjo wanakuja.
Kumbe siku ile nilipulizwa,
ila sikusikia upepo.

Usiku ndio bado.
Usiku naota kwa Kinyarwanda na naamka
nikitafuta upande wa mlango.
Chai ya huku ina maziwa mengi mno,
ziwa la huku linavaa gugumaji hadi shingoni,
na mvua haigongi mlima wowote kabla ya kunifikia.
Sikusema ni mbaya. Nimesema ni usiku.

Dada alipiga simu: Umezoea?
Nikamwambia, jana nimegombana na Abuto.
Nilipata kingi, akakana, kaniita mwizi wa mchana,
nikamwita kipofu wa macho manne,
Shikuku akacheka mpaka akamwaga uji,
na wateja wawili wakachukua upande wangu.
Dada akashtuka. "Wanakutukana? Rudi nyumbani."

Ningemwelezaje?
Miezi minne hakuna aliyenitukana.
Walinipa kiti kizuri, waliniongelesha taratibu
kama mtu anayebebeshwa mayai.
Mgeni siku mbili, wahenga walisema,
ya tatu mpe jembe. Jembe sikupewa.
Nilipewa zamu.

Leo mvua ilitushika katikati ya mchezo.
Tukakimbia, kila mtu na mali yake,
mimi na viatu, Abuto na magurudumu,
Shikuku na ubao kichwani, mlango unaotembea.
Sasa niko chumbani, ninavua aproni,
na kitu kinalia sakafuni, kinazunguka,
kinalala kifudifudi chini ya kitanda.

Kizibo. Chetu, cha upande wangu.

Kesho watapanga na watahesabu,
watapata ishirini na vitatu,
na Abuto ataanza kunitukana kabla sijafika.
Nimekiweka ndani ya kiatu,
cha kulia, ili nisikisahau.